MWALIMU NA WAZAZI: Baridi Hufuata Mkondo



Katika mwezi wa Juni mtoto mmoja wa darasa langu alikuja shuleni na jani la mharagwe mkononi. Jani lilikuwa jeusi, limelegea kama lililotiwa katika maji ya moto. Akaniuliza: «Mwalimu, nani ameunguza bustani ya mama? Moto haukupita, na bustani ya jirani, iliyo huko juu mteremkoni, haikuguswa.» Nikatambua kwamba nyumbani kwao walikuwa wameanza kumshuku jirani huyo. Neno hilo lilinisikitisha kuliko maharagwe yenyewe, kwa maana shuku ikiingia kati ya nyumba mbili haitoki upesi. Basi leo na tuitazame baridi ya hapa kwetu Kapolowe, tupate kujua itokako na ipitako.

Wengi hudhani kwamba nchi ya joto haina baridi. Lakini nchi yetu ya Katanga imeinuka. Hapa kwetu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na uwanda wa Kundelungu wapita mita 1,600. Kila mtu apandapo mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Tena katika Juni na Julai mbingu hazina mawingu. Mawingu ya usiku ni kama blanketi juu ya nchi. Yakikosekana, joto ambalo udongo ulilipata mchana hupanda juu bila kizuizi. Ndiyo sababu huko Lubumbashi watu huvaa shati jepesi saa sita za mchana, na alfajiri kipimo huonyesha nyuzi 6 au 7 tu.

Sasa sikilizeni jambo lililo kubwa zaidi. Hewa iligusayo udongo uliopoa hupoa nayo, na hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Kwa hiyo huteremka. Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Na baridi ya usiku hufanya vivyo hivyo. Hushuka polepole kutoka kilimani, hujikusanya katika dembo, na hutulia humo hata jua lichomoze. Shukeni siku moja alfajiri kutoka mteremkoni mpaka dembo, na miguu yenu itawashuhudia. Hivyo bustani ya chini yaweza kupigwa na jalidi, na ile iliyo juu kidogo ikasalimika.

Nilikwenda kuiona bustani ya yule mama. Ilikuwa chini kabisa, na mbele yake palikuwa na ua mnene wa matete, uliozuia hewa baridi isiendelee na safari yake, kama vile ukuta uzuiavyo maji ya mto. Mkosaji alikuwa mahali, si jirani.

Kando ya ziwa la Tshangalele hali ni nyingine. Maji hupoa polepole kuliko udongo. Kwa hiyo hewa iliyo karibu nayo haishuki sana usiku.

Yule mtoto aliniuliza tena: «Ikiwa baridi ni kali hivi, mbona hatuoni theluji?» Theluji yataka vitu viwili pamoja: baridi na mvuke mwingi wa maji. Kwetu baridi huja wakati wa ukavu, na mvua huja wakati wa joto. Wawili hao hawakutani. Katika milima ya Rwenzori hukutana. Kilele cha Margherita chafika mita 5,109, na mawingu hayakomi kukifunika. Hivyo theluji huanguka karibu na ikweta yenyewe. Walakini barafu ya mlima huo imepungua sana tangu msafara wa Luigi Amedeo wa Abruzzi ulipofika kileleni mwaka 1906.

Hata katika nchi za kaskazini, mahali ndipo paamuapo. Mji wa Buffalo, huko Marekani, uko kando ya ziwa Erie. Mwanzo wa majira ya baridi, upepo baridi sana hupita juu ya maji ambayo bado yana joto, huchukua mvuke wake, kisha huumwaga nchi kavu kuwa theluji. Mwezi wa Novemba 2022 kitongoji cha Orchard Park kilipata karibu mita 2 za theluji katika siku chache, na sehemu zisizo mbali, upande wa kaskazini, zilipata kidogo tu. Ziwa lipunguzalo baridi kwetu, kwao huleta theluji.

Basi tufanyeje? Maharagwe na nyanya za kiangazi zipandwe mteremkoni, si chini kabisa ya dembo. Asiye na shamba lingine afungue nafasi katika ua wake upande wa chini, ili baridi ipite. Udongo unyweshwe mchana, maana udongo wenye maji hutunza joto, na miche ifunikwe kwa nyasi kavu kabla ya jua kutua, ifunuliwe asubuhi.

Neno la mwisho ndilo zito kuliko yote. Nyumba zilizo karibu na dembo ndizo zipatazo baridi kali, na ndizo ambazo watu hufunga dirisha na kuingiza babula chumbani. Wazazi, msifanye hivyo kamwe! Makaa mekundu yasiyotoa moshi hutoa hewa yenye sumu, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Babula lilale nje. Watoto na walale pamoja, wamevaa nguo kavu, na mkeka au nyasi chini yao, kwa maana baridi nyingi hutoka ardhini.

Yule mama amekwisha kuifungua nafasi katika ua wake. Na aliyemsaidia kukata matete ni yule jirani.