Kuitwa Samadi Hakuifanyi Kuwa Salama

Mboga ya samadi haina kemikali: kauli hii imekaririwa sokoni na mashambani hadi hakuna anayeihoji, na mnunuzi wa mjini huongeza bei kwa kuiamini. Ilikuwa na mashiko enzi za ng'ombe aliyechungwa nyikani bila kujua sindano. Kwa mbolea ya kuku inayouzwa leo kwa viroba, ni uongo, na udongo wetu na visima vyetu ndivyo vinavyoulipia.

Tuifuate dawa wanayonyweshwa kuku. Mfugaji wa kuku wa kisasa hununua oksitetrasaiklini, kiuavijasumu cha kundi la tetrasaiklini, bila cheti cha daktari wa mifugo, akaikoroga kwenye maji ya banda zima, mara nyingi kabla hata kuku mmoja hajazubaa. Sehemu kubwa ya dawa hiyo hupita mwilini mwa kuku bila kubadilika, ikatoka kwenye kinyesi ikiwa bado na nguvu ya kuua bakteria. Kinyesi hulowanisha maranda, maranda huzolewa, na kiroba kikaenda kumwagwa kwenye matuta ya mchicha bila kuozeshwa.

Hapa ndipo ninapokasirika. Mayai na nyama ya kuku aliyetibiwa vimewekewa siku za kusubiri kabla ya kuuzwa. Wengi hawazifuati, lakini angalau zimeandikwa. Kinyesi cha kuku huyohuyo hakina siku hata moja. Tumeilinda sahani tukaliacha shamba.

Na dawa hizi hazipotei kwa kufukiwa. Tetrasaiklini hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi. Dawa za salfa huyafuata maji ya mvua kwenda mtoni na kisimani. Enrofloksasini ya kuku hugeuka kwa sehemu, ndani ya mwili wa kuku, kuwa siprofloksasini, kidonge kilekile anachoandikiwa mama mwenye U.T.I.

Wapo wanaosema viuavijasumu vilitoka udongoni, basi virudi kwao. Streptomaisini ilipatikana kweli kwa bakteria wa udongo, mwaka 1943. Lakini bakteria hao huitoa dawa yao kwa kiasi kidogo mno. Sisi tunamwaga msimu baada ya msimu. Wadudu dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na kugawana vinasaba vya usugu, hata na bakteria wa jamii nyingine. Mwaka 2015 wanasayansi wa China walitangaza kinasaba mcr-1, kinachoishinda kolistini, dawa ya mwisho ya wagonjwa mahututi. Walikikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. China iliitoa kolistini kwenye chakula cha mifugo miaka miwili baadaye.

Kuozesha samadi kwenye lundo lenye joto kali kunapunguza sana tetrasaiklini, na kila mkulima afanye hivyo. Siprofloksasini ni mkaidi zaidi. Ndiyo maana kazi kubwa iko bandani. Kuku wangapi wananyweshwa dawa hizi kwa ajili ya kideri, ugonjwa wa kirusi usiosikia kiuavijasumu chochote, ilhali chanjo yake ni tone la jichoni? Bwana mifugo apeleke chanjo hiyo kijijini, duka lidai cheti, na muuza samadi alazimishwe kumwambia mkulima kuku wake walinyweshwa nini na lini.