Acheni Kumuuliza Mtoto "Itakulisha?"

Itakulisha? Neno hilo nimelisikia hapa kwetu Burundi, sokoni Gitega, nimelisikia ndani ya basi la Muyinga, na juzi, Mungu anisamehe, limetoka kinywani mwangu. Mtoto kashika kitabu cha hadithi, mtu mzima anamkemea: itakulisha?

Nimechoka nalo!

Nilipokuwa na miaka 12, mwalimu alichana daftari langu la mashairi mbele ya darasa. Nawe, msomaji, walikuchania nini? Usijifanye umesahau.

Nenda Muyinga ukaone maktaba iliyojengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoto viziwi. Matofali ni ya udongo wa papo hapo ulioshindiliwa, boriti za mkaratusi. Na juu, wametandaza wavu mkubwa wa kamba za katani, mtoto apande, ajilaze na kitabu chake, aote. Mtoto ambaye hadithi za bibi jikoni zilimpita, pale anazipata. Mtu wa "itakulisha" angeukata wavu ule auze kamba.

Na padri Michel Kayoya je? Alitunza fedha za jimbo la Muyinga, kazi ya hesabu, na bado aliandika. Mwaka 1968 alitoa kitabu Sur les traces de mon père, yaani Katika nyayo za baba yangu, akitafuta utu wa Mrundi baada ya ukoloni. Mei 1972 aliuawa Gitega, akafukiwa na wenzake kando ya mto Ruvubu. Hakuwa na bunduki. Mwaka ule waliwindwa Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi, mapadri. Wauaji hawakuuliza "itakulisha?" Walijua kichwa kinachowaza kina kazi gani. Nani huwinda kisicho na kazi?

Nasi tumelala! Kazi ya wauaji wale tunaimalizia bila risasi, kwa swali moja la jikoni. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Sisi tunamkunja mpaka anavunjika.

Halafu? Shamba la babu limegawanywa, likagawanywa tena, sasa ni upana wa mkeka. Jembe halitaliongeza. Kitakachowalisha wajukuu wetu juu ya vilima hivi bado hakipo. Sharti mtu akiwaze kwanza. Atakiwaza nani, kama kila anayewaza tunamfukuza akachote maji?

Jioni hii mwanao akijikunyata na kitabu, usimwite. Maharage chambua wewe.