Mgeni Njoo, Nani Apone?



Kila mwaka, majira ya kuomba nafasi za masomo na za huduma ya kujitolea katika nchi za kigeni yakifika, mapadri wetu wa Butembo na Beni hubishiwa hodi na vijana wanaotafuta barua. Barua hiyo ishuhudie kwamba fulani ni Mkristu mwema, tena ana moyo wa kujitolea. Akiulizwa kwa nini anataka kwenda kutumikia huko mbali, kijana hujibu bila kusita: "Nataka nikakue." Wazee walioketi kando huitikia kwa kichwa. Sisi tunasema kwamba jibu hilo ni baya, na inatusikitisha kuona linasifiwa.

Safari yenyewe haina kosa. Aliyepata nafasi ya kusoma Kampala, Nairobi au Ulaya na aende, na akifika huko asijifungie chumbani na vitabu vyake. Awatafute wenye shida wa mji ule. Tunachokipinga ni kumweka mwenye kutumikia mahali pa yule anayetumikiwa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayepona ni mwenyeji. Mgeni huja na dawa, au na mbegu, au na mikono yake mitupu, na akiondoka nyumba aliyoikuta na ugonjwa imepata nafuu. Lugha ya siku hizi imeupindua usemi huo: mgeni njoo, upone wewe mwenyewe. Mwenyeji amegeuzwa kuwa uwanja wa mazoezi. Yatima hupigwa picha, mgonjwa hutembelewa kwa saa moja, kisha kijana huandika kwamba amejifunza unyenyekevu. Pengine amejifunza kweli. Naye yatima amejifunza nini? Kwamba wageni hupita.

Itazameni historia ya mipango hii. Mwaka 2008 serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango uitwao weltwärts, wa kuwapeleka vijana wake kufanya huduma ya kujitolea Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Ilipita miaka mitano, hadi 2013, ndipo mlango ulipofunguliwa kwa upande wa pili, vijana wa nchi hizo nao wakaweza kwenda kutumikia Ujerumani. Kwa muda wote huo ilikuwa kana kwamba Mjerumani amezaliwa kutumikia na Mwafrika kutumikiwa. Waliousahihisha mpango huo wanastahili shukrani. Ila dhana yenyewe haikufa, na imeota mizizi hata huku Vulamba. Kijana anayewafundisha kusoma watoto waliokimbia mauaji ya Oicha na Eringeti, juma hata juma, bila malipo, huitwa mtu asiye na kazi. Mwenzake akifanya jambo lile lile mwaka mmoja Ulaya, huitwa mtu mwenye uzoefu. Kama kukua kunapimwa kwa kilometa, basi marubani wangekuwa watakatifu wote.

Tena, ng'ambo ni wapi? Kwetu inaanzia Kasindi. Ukivuka daraja la Mpondwe umekwisha kuingia Uganda, na Wakonzo wanaokupokea huko wanasema lugha ambayo bibi zetu huielewa bila mkalimani. Hatujapata kumwona kijana akiomba barua ya kwenda kutumikia Bwera.

Kuna jambo zito zaidi. Sisi nasi ni ng'ambo ya wengine. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaanzia Mangina na kuenea Beni, Katwa na Butembo, walikuja watu kutoka nchi nyingi za Afrika. Mmoja wao alikuwa Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha walimwua akiwa kazini, hapa Butembo. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umewaua watu 2,287. Hatudhani kwamba daktari yule aliacha familia yake na kuja huku ili akue. Alikuja ili mwenyeji apone. Kijana wa Butembo anayetaka kuwa mgeni mwema katika nchi ya watu aanze kwa kulitafakari jina hilo, kwa sababu anatoka katika mji ambao mgeni wa namna hiyo alilipa kwa damu.

Katika miezi ile ile, wanawake waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga, waliingia kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa katika vituo vya matibabu vya Beni na Butembo. Wengi wao walikuwa wamezika jamaa zao wenyewe. Hakuna aliyewapa cheti cha kukomaa. Tukitafuta walimu wa kujitolea, hatuna haja ya kupanda ndege.

Mnaotaka mfano wa ng'ambo, tunao pia. Mwaka 2007, mjini Kampala, vijana Wakongomani waliokuwa wakimbizi waliona wenzao wanashinda bila kazi wala lugha ya kuombea kazi. Walianza kwa mpira wa miguu. Kisha wakaanza kuwafundisha watu wazima Kiingereza, maana bila lugha hiyo mkimbizi hawezi kujieleza hospitalini wala kupata kibarua. Jumuiya yao, YARID, inajulikana leo mbali na Uganda. Walikuwa wageni, tena maskini, wala hawakuuliza watapata nini. Waliuliza jirani amekosa nini. Bila shaka walikua. Mtu anayelima hupata misuli, lakini hatujamsikia mkulima akisema analima kwa ajili ya misuli.

Papa Fransisko alipokutana na vijana Kinshasa, katika uwanja wa Martyrs, tarehe 2 Februari 2023, aliwahesabia vidole vya mkono: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, na mwisho huduma. Huduma aliiweka kwenye kidole kidogo kuliko vyote. Kidole hicho hakionekani vizuri kwenye picha.

Kwa hiyo tunawaomba mapadri na viongozi wa vikundi vya vijana wazifanye barua hizo kuwa ngumu kidogo. Barua itaje kazi ambayo mwombaji ameifanya hapa, kwa muda gani, na nani ataishika akiondoka. Itaje kile ambacho wenyeji wa huko wameomba, si kile ambacho kijana anatamani. Naye akirudi, asipewe nafasi ya kusimulia baada ya misa mpaka aeleze kazi aliyoiacha huko imebaki mikononi mwa nani.

Watakuwapo watakaosema kwamba tunawafungia watoto wa maskini njia, na kwamba ubalozi haungoji. Tunajua pasipoti ni ghali na nafasi ni chache. Lakini mtoto wa Eringeti anayesubiri kufundishwa kusoma yuko Butembo sasa hivi, na yeye haombi viza ya mtu.