Mswala wa kale usihukumiwe kwa wekundu wake

Nikiutazama mswala wa kale wa Wayörük, wafugaji wa kuhamahama wa Anatolia, jicho langu huenda kwanza kwenye wekundu wake. Mara nyingi haulingani: hapa umekolea, hatua mbili mbele umefifia. Wapo wafanyabiashara wanaoiita hiyo dosari na kushusha bei. Mimi nakataa katakata. Mwanamke aliyeufuma alisokota sufu ya kondoo wa kwao, akaichemsha na mizizi ya mmea unaotoa rangi nyekundu, chungu kwa chungu, na hakuna vyungu viwili vinavyotoa rangi moja.

Ndani ya umbo la mihrabu lililo kwenye mswala alifuma birika la udhu, au kitana, ishara za usafi mbele ya Mola. Umbo la mwanamke aliyejishika kiuno, linaloonekana sana katika mafumo ya Anatolia, wengi hulisoma kama dua ya uzazi.

Rangi za viwandani zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, ujuzi wa kutia rangi kwa mimea ulififia, hadi mradi uitwao DOBAG ulipoanza kuufufua katika vijiji vya Anatolia mwaka 1981. Makumbusho yanayotundika miswala hii kwa kibao cha nchi na karne tu yaongeze neno moja: imefumwa na wanawake.