Baba, hema na dhahabu ya Sekenke

Nilikuwa kimya, si mnajua tena mitihani na bumu kuchelewa. Likizo hii nikiwa nyumbani Butimba tulifanya jambo ambalo washkaji hapa chuoni wamenicheka sana: familia nzima tulienda kulala kwenye hema Sekenke, kule Iramba, palipokuwa na mgodi wa dhahabu wa Mjerumani. Eti kupiga kambi ni mambo ya wazungu. Haya, leo nawajibu.

Baba ameendesha malori miaka mingi. Kwake yeye Sekenke ni mlima tu, ule unaoupanda ukishavuka mbuga ya Wembere kuelekea Singida. Amelala pale mara kibao chini ya lori bovu. Aliponiona nafunga hema la kuazima alicheka: "Yaani mwanangu unachoma mafuta ukalale porini kwa hiari?" Mama naye akabeba dagaa, unga na kuni. Kuni, kutoka Mwanza! Kaazi kwelikweli.

Mwenyeji wetu alituonya tusizurure usiku kwa sababu ya mashimo, tukapiga hema karibu na kwake. Tukiwa tunaota moto, mdogo wangu wa kidato cha pili akauliza: hiyo dhahabu ilienda wapi?

Hapo nikajidai mwalimu. Nikamwambia mgodi ulifunguliwa mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, manowari za Waingereza zikaziba bahari na pesa kutoka Ujerumani zikakatika. Mwaka 1916 Wajerumani wakagonga sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora, kwenye karakana ya reli. Upande mmoja tembo, upande wa pili tai. Zilitoka kama 16,000 hivi, kwa dhahabu ya Sekenke. Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likauteka mji.

"Na waliochimba, walilipwa hizo sarafu?"

Kimya. Jamani, swali hilohilo niliulizwa na mwanafunzi nikiwa BTP, nikamjibu kwamba halitoki kwenye mtihani, aandike notisi. Bado naona aibu. Na mimi ndiye mwalimu wa historia mtarajiwa! Sekenke, Geita, Mwadui: tunazikariri kama majina ya vituo vya daladala, na wengi wetu hatujawahi kusimama hata kimoja.

Ndiyo maana nasema tusingoje ziara ya chuo ambayo haiji. Nendeni na wazazi. Baba, ambaye shuleni hakufika mbali, ndiye aliyetuonyesha zilikokuwa zikipita barabara za zamani. Hayo kwenye notisi zangu hayamo.

Swali la dogo bado sijalijibu. Mwenye kitabu kinachoeleza mishahara ya vibarua enzi za Mjerumani aniazime, nitakirudisha salama. Desemba tunarudi, ila baba ameshasema hema ni la mama na watoto, yeye atalala chini ya gari kama zamani.