Barua ya wazi kwa Gavana: gari jipya, nyasi za zamani

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya soko. Hunijui kwa sura, lakini kazi yangu umeishika kwa mikono yako: ule utepe mwekundu wa satini ulioukata siku ya kuzindua gari jipya la zimamoto niliushona mimi, pamoja na vitambaa vya meza ya wageni. Deni la kazi ile bado liko katika vitabu vya kaunti, na leo sikuja kulidai. Nimekuja kwa habari ya mguu wangu wa kulia.

Jina la kaunti nimeliacha kusudi. Msomaji wa kwingine akidhani ni kwao, huenda asiwe amekosea sana.

Asubuhi ile nilipanda matatu ya alfajiri kwenda kuchukua majora mawili ya kitambaa cha kanzu. Saa kumi na mbili na nusu tuligongana na lori. Nilikuwa kiti cha mbele, na mlango ulijikunja ukanibana goti. Gari lako lilifika baada ya robo saa, na hilo nalisema kwa haki, maana watu hupenda kusema zimamoto huja majivu yamepoa. Vijana sita walishuka na ule mkasi wao wa kukatia vyuma. Mimi ni mtu wa mikasi. Hata katika maumivu yale niliutazama. Ulipita kwenye mlango kama unapita kwenye bafta. Saa moja na dakika tano nilikuwa nje, nimelazwa kwenye nyasi, kando ya gari linalong'aa hata nikauona uso wangu ubavuni mwake.

Hapo ndipo uokoaji wa kaunti ulipokomea. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwamo garini. Lilipofunguliwa mlitoka spana, tambara la kufutia kioo na risiti za dizeli. Machela haikuwapo. Gango la kuushikilia mguu halikuwapo. Aliyenifunga damu ni mama muuza mahamri, aliyejivua leso ya juu, akaisokota, akanikaza nayo pajani. Leso zetu huwa na jina. La hiyo sikuwahi kulisoma, damu ilitangulia.

Mkubwa wa kikosi alipiga simu ya ambulensi mbele yangu, akaweka spika, kwa hiyo jibu nililisikia mwenyewe. Ambulensi ipo. Dereva yupo. Ila ambulensi ya kaunti hutumwa kumhamisha mgonjwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, na mimi nilikuwa sijasajiliwa popote. Yaani, Mheshimiwa, ili nipelekwe hospitali na ambulensi ilinipasa kwanza nifike hospitali.

Akaomba basi anipakie katika gari la zimamoto. Akakatazwa: gari ni la moto, likipata ajali na mgonjwa ndani bima haitalipa. Kijana mmoja wa kikosi alivua helmeti yake akanizibia jua. "Mzee wangu, tuwie radhi," akaniambia, "sisi kazi yetu moto na vyuma." Mimi nilikwisha kutolewa kwenye vyuma, na moto sikuwa nao.

Nililala pale kwa saa mbili. Saa tatu na dakika tano alisimama mwenye pikapu ya samaki, wakanipandisha juu ya makasha. Katika hospitali ndogo waliniandikisha, na ghafla nikawa mtu: ambulensi ikapatikana, ile ile, ikanipeleka hospitali kubwa. Chumba cha upasuaji niliingia saa saba u nusu mchana.

Daktari alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti ulikuwa umekatika. Mguu usiofikiwa na damu hungoja kama saa sita. Zikipita hizo, nyama huanza kufa. Mimi nilifika katika saa ya saba. Fanya hesabu, Mheshimiwa, mimi nimeifanya kila usiku. Toa zile saa mbili za nyasini. Ningeingia saa tano u nusu, katika saa ya tano. Daktari hakuniahidi kwamba mguu ungepona. Alisema angejaribu kuushona.

Angejaribu kuushona. Nilimsikia vizuri, kushona ndiyo kazi yangu.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mguu wa kulia ndio unaoanza, wa kushoto hufuata. Wapo wanaoweza kwa mguu mmoja. Nimejaribu, uzi hukatika kila shubiri. Nimefunga mota, na tokeni za umeme huisha katikati ya kola. Ramadhani iliyopita, msimu ambao fundi wa kanzu hujitafutia chakula cha mwaka mzima, nilishona kanzu tisa. Mwaka wa kabla yake sikuzihesabu. Mke wangu sasa anakaanga vitumbua vya kuuza, binti yetu tumemhamisha shule, na bili ya hospitali nitaimaliza inshallah kabla meno hayajaniisha. Hayo yapite.

Niliandika barua ya kwanza, ya faragha, kwa adabu zote. Idara ya Afya ilinijibu kwamba ajali za barabarani zinazohudhuriwa na zimamoto ni za zimamoto. Zimamoto wakanijibu kwamba majeruhi ni wa Afya. Barua ya zimamoto ilikuwa na mstari wa ziada ambao nimeutia katika fremu: kumbukumbu zinaonyesha kwamba tukio lile "lilifanikiwa na kufungwa saa 1:10 asubuhi". Dakika tano baada ya kunilaza kwenye nyasi, nilikuwa nimefanikiwa.

Sasa nikasoma Katiba ya Kenya ya 2010, maana mtu akikaa kitini kutwa husoma. Jedwali la Nne linaorodhesha kazi za kaunti. Kipengele cha pili ni huduma za afya, na ndani yake ambulensi zimetajwa kwa jina. Cha kumi na mbili ni kuzima moto na kukabiliana na majanga. Kumbe vyote viwili ni vyako! Katikati yake kuna leseni za mbwa, na hizo nasikia zinakwenda vizuri. Ibara ya 43 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, ikafafanua kwamba matibabu hayo ni pamoja na yale ya kabla ya hospitali. Kabla ya hospitali ni wapi, Mheshimiwa, kama si nyasini? Sheria hiyo hiyo imeweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa taasisi ya afya inayoacha kutoa matibabu ya dharura hali inayo uwezo. Gari la zimamoto si taasisi ya afya. Nyasi pia si taasisi ya afya. Basi hakuna wa kutozwa.

Mpwa wangu anaishi Seattle, kule Marekani. Nilipomweleza alidhani simu inakatika. Kwao jirani akishikwa na kifua, gari la kwanza kusimama mlangoni mara nyingi ni la zimamoto, na wanaoshuka wamefunzwa kuziba damu na kumrudishia mtu pumzi. Sehemu kubwa ya wito wanaoupokea ni wa wagonjwa, si wa moto. Jambo hilo halikushuka kutoka mbinguni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari wa moyo, Leonard Cobb, na mkuu wa zimamoto wa mji, Gordon Vickery, walikubaliana wazimamoto wafundishwe utabibu wa dharura, kwa sababu wao tayari walikuwa na vituo kila mtaa, magari, na watu wanaokesha. Tangu 1979 wenye nyumba na ardhi wa kaunti ya Seattle, King County, hutozwa kodi maalumu ya huduma hiyo, nayo hupigiwa kura kila baada ya miaka kadhaa. Sisemi Marekani ni peponi. Mpwa wangu huyo huyo ana hadithi za bili za hospitali ambazo zingekulaza wewe kwenye nyasi. Nasema walikaa meza moja, daktari na mzimamoto. Kwetu wako jengo moja, ngazi moja, na wanaandikiana barua kupitia mguu wangu.

Utaniambia fedha hakuna. Naam. Mimi kila mwaka nalipia cheti cha zimamoto ndipo nipewe kibali cha biashara, kwa chumba chenye cherehani mbili na pasi moja. Duka la simu linalipa, mama wa chapati analipa, hoteli za ufukweni zinalipa zaidi. Fedha hiyo huingia katika mfuko mkuu wa kaunti, na kutoka hapo huonekana kama samaki aliyerudishwa baharini. Fedha zinazokusanywa hospitalini, Bunge lilitunga sheria mwaka 2023 zibaki hospitalini zifanye kazi pale pale. Kwa nini za zimamoto zisinunue hata bandeji? Na makato ya SHA, bima ya afya ya taifa, nayo nalipa. Katika sheria yake kuna mfuko uliotajwa kuwa wa dharura. Pale nyasini mfuko huo haukunijua.

Ninachoomba hakihitaji utepe, na nahofia hiyo ndiyo kasoro yake. Kila gari la zimamoto liwe na machela, magango, mikanda ya kuzuia damu na watu waliofunzwa kuvitumia, wakapimwa upya kila mwaka. Simu iwe moja na mpokeaji awe mmoja, anayeweza kuituma ambulensi mahali palipo na damu bila kuuliza nambari ya usajili. Bima ya gari irekebishwe. Ni karatasi tu ile. Na katika bajeti uwepo mstari mmoja wenye jina la huduma hii, usiojificha chini ya Afya wala chini ya Majanga, ili mwakani nikiuliza nijue kidole nikiweke wapi.

Mafunzo hayapigwi picha, najua. Kijana anayejifunza kufunga paja hapendezi kwenye bango kama gari la magurudumu kumi. Ndiyo maana tuna zahanati zenye rangi mpya zisizo na muuguzi wa usiku, soko lenye lango na halina choo, gati lenye taa na halina boya la kumtupia anayezama. Serikali kuu nayo ina sera yake ya huduma za dharura za matibabu, ya 2020 hadi 2030. Miaka yake inakatika kama uzi wangu, na wale vijana sita, niliporudi kituoni kuwashukuru kwa magongo, walikuwa hawajaisikia. Hao usiwaguse, Mheshimiwa. Nimesikia yule wa helmeti ameandikiwa barua ya kujieleza kwa kuacha vifaa vyake vya kazi bila ruhusa. Alininunulia maji.

Tangazo la kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti nimeliona limebandikwa sokoni, nami nitakuja kuyasema haya mbele ya watu. Ukumbi ni ule wa ghorofa ya pili na lifti bado ni mbovu, kwa hiyo nitaondoka nyumbani mapema. Naomba mlango usifungwe kabla sijafika juu.

Wako mtiifu,
Fundi wa utepe