Wageni wamefukuzwa, gesi itashuka lini?

Kampeni za 2024 chama cha Republican kiliahidi kuzuia wageni, kushusha bei ya nishati na kufufua viwanda. Mimi niishiye Cheektowaga, ubavuni mwa Buffalo, hesabu hiyo hainiingii akilini.

Sensa ya 2020 ilikuta Buffalo ina watu 278,349, kutoka 261,310 mwaka 2010. Ni mara ya kwanza mji huu kuongezeka tangu sensa ya 1950, na wakimbizi wamechangia sana, Wakongo wakiwemo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump akasimamisha kupokea wakimbizi. Mei Makaburu wa Afrika Kusini wakafunguliwa mlango. Wakongo waliokwisha kupewa tiketi wakabaki kambini. Hivyo viwanda vitafanyiwa kazi na nani?

Siku ile ile ya Januari alitangaza dharura ya nishati. Mei hiyo hiyo serikali yake ikapendekeza kufuta ruzuku inayowasaidia wenye kipato kidogo kulipia joto la nyumba. Huku, jamani, theluji hufika magotini! Nishati nafuu gani inaanza kwa kumnyima bibi kizee gesi?

Ndugu wa Louisville na Columbus mliopata uraia, mwomba kura akibisha hodi, aanze kujibu hilo.